Jiwe Lililopita Siku ya Sendofu ya Sabina

Siku kamati ilipopanga tarehe ya sendofu ya Sabina, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi, baba mtu, Mwalimu Melkizedek, alikuwa amekaa palepale sebuleni na kikombe cha chai mkononi. Aliisikia tarehe ikitajwa. Aliwaona wanakamati wakiikubali mmoja baada ya mwingine, akamwona mke wake Bertha akimshukuru Mungu kwamba ile bustani ya sherehe njia ya Tloma haijachukuliwa na mtu. Akameza funda la chai ya moto, ikamchoma koo mpaka machozi yakamlengalenga. Wanakamati wakadhani ni uchungu wa mzazi anayeozesha, wakampa pole.

Jumamosi hiyohiyo, saa mbili na robo usiku, jiwe lake lilikuwa linapita.

Lilikuwa jiwe la angani, asteroidi, moja katika yale mamilioni yanayolizunguka jua kati ya sayari ya Mirihi na Mshtarii. Hili lilikuwa upande wa nje kabisa wa mkanda ule, karibu na Mshtarii, mahali ambapo mawe mengi ni meusi kama makaa. Lakini lenyewe halikuwa jeusi. Lilikuwa jiwe hasa, la kijivu, kama yale yanayochimbwa Karatu kwa msingi wa nyumba, na kwa hiyo liling'aa kuliko majirani zake. Halikuwa na jina, lilikuwa na namba tu. Wataalamu walishindwa kukubaliana juu ya ukubwa wake: je, linang'aa kwa sababu ni kubwa, au ni dogo ila lina rangi nyeupe kidogo? Njia nzuri ya kujua ilikuwa kulisubiri lipite mbele ya nyota. Likipita, huifunika nyota kwa sekunde chache, na kivuli chake huteleza juu ya ardhi. Ukijua kivuli kimeanzia wapi na kuishia wapi, umelipima jiwe.

Melkizedek alifundisha fizikia katika sekondari ya kata. Darubini yake aliachiwa na mtalii mmoja mzee aliyechoka kuibeba, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasiliana na watu wa nchi mbalimbali waliopiga hesabu za vivuli vya namna hiyo. Vivuli vingi vilipita baharini au jangwani. Vilivyopita karibu vilihusu nyota hafifu ambazo hata kwa darubini unazitafuta kama sindano. Hiki kilikuwa tofauti. Nyota yenyewe ilikuwa kichwani mwa kundi la Nge, inaonekana kwa macho matupu, na mstari wa katikati wa kivuli, kwa hesabu zao, ungepita Karatu. Jambo kama hilo mtu anaweza kuzeeka asilione.

Alikaa na siri hiyo wiki nzima. Mwishowe alimfuata Bertha shambani, akamkuta akichuma mbaazi, kanga kiunoni.

"Mama Sabina," alianza, "ile tarehe."

"Ile tarehe ina nini?"

"Kuna jiwe linapita."

Bertha aliendelea kuchuma. "Linapita wapi?"

"Mbele ya nyota."

Hapo mikono ya Bertha ilisimama. Alimgeukia mumewe, akamtazama kama anavyotazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. "Binti Mungu amekupa mmoja. Mawe ya angani yako mangapi?"

"Mengi. Mamilioni."

"Basi chagua jingine."

Akainamia mbaazi zake. Melkizedek akavua kofia, akaivaa tena, akarudi nyumbani.

Aliyefungua fundo ni Sabina mwenyewe. Alikuwa mwongoza watalii, na jioni hiyo alirudi kutoka Kreta, kwenye hifadhi ya wanyama, akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Aliwakuta wazazi wake wamenuniana mezani, ugali unapoa. Alipoambiwa kisa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, hilo jiwe linaifunika nyota kwa muda gani?"

"Sekunde tano hivi. Sita zikizidi sana."

"Sekunde tano! Mama, MC peke yake akishika maiki kusalimia ukoo ni nusu saa. Tutashindwa kumpa baba sekunde tano?" Akajitilia mboga. "Tena asijifiche nyuma ya jiko na darubini yake kama mwizi wa kuku. Tuzime taa, wageni wote waangalie. Wazazi wengine huwaonyesha wakwe zao ng'ombe. Baba yangu atawaonyesha nyota ikifunikwa."

Bertha hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Kuleni, chakula kinapoa," na nyumba nzima ikajua kwamba amekubali.

Shida ilianza kwa MC. Josephati alikuwa kijana mwenye sauti ya radi, na alijulikana toka Rhotia hadi Endabash kwa kuchangamsha sherehe. Alipopewa habari ile aliipokea kwa mikono miwili na kuivisha nguo zake mwenyewe. Siku mbili baadaye ratiba ilisambazwa kwenye simu za wageni wote, na kati ya kukata keki na kupokea zawadi kulikuwa na mstari unaosema: *Baba wa bibi harusi atazima nyota.*

Melkizedek alimkimbilia Josephati kwenye saluni yake ya kunyoa, karibu na soko.

"Mimi sizimi nyota, Josephati. Ni jiwe. Tena hesabu zinaweza kukosea kidogo. Huenda isizimike."

"Mwalimu, usiniharibie," Josephati alisema, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja. "Nikitangaza 'huenda', watu watainuka kwenda kuchukua chakula."

"Lakini wakwe zangu..."

"Wakwe zako ndio nataka warudi kwao Rombo wakasimulie!"

Wakwe hao ndio waliomnyima usingizi Melkizedek. Adrian, mchumba wa Sabina, alikuwa dereva wa watalii, mpole, hana neno. Lakini baba yake, Mzee Felisiani, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Siku ya posa alikaa saa tatu bila kutabasamu, na sentensi zake karibu zote zilihusu saruji. Melkizedek aliona kabisa namna mzee huyo atakavyomtazama baba wa mkwewe aliyeahidi kuzima nyota.

Alijifariji kwa kuzungumza na Nanyokie, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa mwalimu huko Piyaya, kaskazini ya Karatu. Walikuwa wamejipanga: Melkizedek Karatu, Nanyokie Piyaya, na rafiki wa Nanyokie, mwalimu pia, huko Ololosokwan, kaskazini zaidi, kila mmoja akiitazama nyota ileile kwa wakati uleule na kurekodi kwa simu.

"Mwalimu, umejipa katikati ya kivuli," Nanyokie alilalamika kwenye simu huku akicheka, "mimi umenitupa ukingoni. Wanafunzi wangu watakesha bure!"

"Hesabu ndizo zilizogawa, mwanangu. Si mimi."

Jumamosi ikafika. Mchana wingu zito lilishuka kutoka ukingo wa Kreta, likakaa juu ya mji kama blanketi, na Melkizedek akaanza kuona afadhali. Mvua ingemwokoa. Hakuna anayemlaumu mtu kwa wingu. Lakini jua lilipozama upepo wa baridi wa Agosti ulilisukuma lote, ukaacha anga safi kama sahani iliyooshwa, na mwezi mwembamba upande wa magharibi.

Bustani ilipendeza. Ukoo wa Bertha walivaa vitenge vya kijani, wakwe walivaa vya rangi ya zambarau, na Sabina aliingia akicheza taratibu, amevaa gauni la rangi ya dhahabu, wifi zake wakimpigia vigelegele. Ndafu ililetwa, mbuzi mzima wa kuchomwa, majani mdomoni, ikashangiliwa kuliko mtu yeyote. Keki ikakatwa. Melkizedek alikula kidogo sana. Kila baada ya muda alinyanyuka kwenda pembeni ya bustani, ilikosimama darubini yake imefungiwa simu, akaangalia, akarudi.

Kisha Josephati akashika maiki.

"Mabibi na mabwana! Wakati umewadia! Mmeona kuku akichinjwa, mmeona ng'ombe akichinjwa. Nyota je? DJ, zima muziki! Zima jenereta! Zimeni simu zenu! Mwalimu, bustani ni yako!"

Giza likaingia ghafla. Watu wakashtuka, wengine wakacheka. Katika meza ya wakwe sauti ya mama mmoja ilipanda juu ya zote. Ilikuwa ya shangazi yake Adrian, aliyeitwa Dorkasi.

"Kwetu taa zikizimwa ukumbini," alisema, "kila mtu anakumbatia pochi yake!"

Bustani yote ikaangua kicheko. Melkizedek akawaelekeza kwa tochi: pale juu, upande ule, zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, nyota ya katikati. Watu wakaiona. Vidole vikaelekea juu, watoto wakabebwa mabegani. Kukawa kimya, kimya ambacho Karatu haikijui siku za Jumamosi, mpaka ukasikia mbwa wakibweka mbali kwenye mashamba ya kahawa.

"Sasa," Melkizedek alisema kwa sauti ndogo. "Sasa hivi. Msipepese."

Nyota ikang'aa.

Wakasubiri. Nyota ikaendelea kung'aa. Melkizedek alikuwa ameinamia darubini, na kwenye kioo cha simu aliiona ikiwa imetulia tuli, nyeupe, bila hata kutetemeka. Akaendelea kutazama baada ya wakati kupita, kwa sababu mtu hutumaini. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, bado?" Mama yake akamwambia nyamaza.

Hatimaye Josephati hakuweza kuvumilia. "Jamani," alisema gizani, "hii nyota imenunua umeme wa LUKU wa mwaka mzima!"

Kicheko kilicholipuka hapo kilisikika labda hadi Gongali. Jenereta likawashwa, taa zikarudi, watu wakajifuta machozi na kupigana vibao mabegani. Hawakuwa na ubaya. Lakini Melkizedek alisimama kando ya darubini yake katika suti mpya, mikono inaning'inia, na hakujua aiweke wapi. Alimtazama binti yake, akaona Sabina amesimama nusu, hajui kama akimbilie kwa baba yake au akae. Akatazama meza ya wakwe. Mzee Felisiani hakuwa amecheka. Alikuwa anamwangalia tu, na Melkizedek akaona hilo ni baya zaidi.

Kitochi chake, simu yake ya pili ndogo ya vitufe, kikalia mfukoni.

"Mwalimu!" Alikuwa Nanyokie, akipiga kelele juu ya kelele za wengine. "Mwalimu, imezimika! Imezimika kabisa, kama mtu ameifunika kwa kidole! Nimehesabu mpaka nne, ikarudi! Wasikie watoto!" Na kweli, nyuma yake ilisikika shule nzima ya bweni ikishangilia, na sauti nyembamba za wasichana zikiimba kwa Kimaasai.

"Imezimika Piyaya," Melkizedek alirudia polepole. "Na Ololosokwan?"

"Ameniandikia sasa hivi. Kwake haikuzimika hata kidogo. Na hapo kwako?"

"Hapa pia haikuzimika."

Nanyokie akacheka kicheko kirefu cha furaha. "Mwalimu! Basi tumelikamata pande zote mbili!"

Josephati, ambaye hakuwahi kuona mazungumzo yasiyohitaji maiki, alikuwa ameshaisogeza kwenye kile kitochi tangu mwanzo. Wageni wote walisikia. Wakaanza kuulizana. Melkizedek akashika maiki akajaribu kueleza: kwamba kivuli kimepita kaskazini zaidi ya hesabu, kwamba kipenyo cha jiwe hakiwezi kuzidi umbali fulani, kwamba kipimo hasi nacho ni kipimo. Aliposema "kipimo hasi" aliona nyuso zikififia kama za kidato cha pili baada ya chakula cha mchana. Shangazi Dorkasi akapiga mwayo waziwazi.

Ndipo Bertha alipoinuka kwenye kiti chake cha heshima. Alipita katikati ya meza na gauni lake la kijani, kilemba kimepanda juu, akaichukua maiki mikononi mwa mumewe bila kumwomba.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi ni mkulima. Mvua ikinyesha Rhotia, na hapa kwetu Tloma pakawa pakavu, mimi nitajuaje wingu limeishia wapi? Nitamuuliza aliyelowa tu? Aliyelowa atanijibu mvua imenyesha, basi. Lazima nimuulize na yule ambaye hakulowa. Yule ndiye anayenionyesha mpaka. Leo jiwe limepita angani, Piyaya wamelowa. Ololosokwan hawakulowa, na sisi hapa hatukulowa. Kwa hiyo huko duniani wanaolipima jiwe hili, wanatuhitaji sisi tulioona nyota ikiwaka sawasawa na wanavyomhitaji yule aliyeona ikizimika. Sisi sote hapa, pamoja na wakwe zetu, ndio mpaka. Baba Sabina, nimekosea?"

Melkizedek alitikisa kichwa kukataa. Kwa miaka yote hiyo alipokuwa akiongea habari za vivuli wakati wa chakula, Bertha alikuwa akichambua mchele, au akimuuliza kama amefunga banda la kuku. Hakujua kwamba maneno yake yalikuwa yanaingia mle kichwani na kuhifadhiwa, moja moja.

Makofi yakaanzia upande wa vitenge vya kijani, yakavuka. Sabina sasa alikuwa amemfikia baba yake, amemkumbatia, kilemba chake cha dhahabu kimelala upande.

Mzee Felisiani akasimama. Bustani ikatulia yenyewe, hata Josephati. Mzee alirekebisha koti lake, akatembea hadi mbele.

"Nimekwenda sendofu nyingi," alisema. "Mwenye binti hunieleza kila nilichokipata. Leo ni mara ya kwanza naelezwa kilichonipita." Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa kona za midomo yake zikapanda. "Na mwenye binti amekubali kuelezwa na mke wake mbele ya watu. Mwanangu Adrian, umefika nyumba nzuri. Sasa mkwe wangu, hiyo mashine yako inaweza kuonyesha nini kingine? Maana mimi sijawahi kuchungulia."

Melkizedek akaifungua simu, akaigeuza darubini kuelekea ule mwezi mwembamba uliokuwa unakaribia kuzama. Mzee Felisiani akainama, akafumba jicho moja, na hakuinuka haraka. Alipoinuka alisema neno moja la Kichaga ambalo hakuna wa upande wa kijani aliyelielewa, lakini wote wa zambarau walinyanyuka kwenye viti.

Foleni iliyojipanga hapo ilipita katikati ya bustani hadi kwenye masufuria. Muziki ukarudi, zawadi zikasogezwa mbele kwenye ratiba, na Josephati akawa anatangaza majina ya wanaochungulia kama watu wanaopanda ndege. Shangazi Dorkasi alipofika aling'ang'ania pale, akisema anaona mashimo, anaona milima, na kwamba kule juu kunahitaji mtu wa kufagia. Waliokuwa nyuma wakamlalamikia. Akawajibu bila kutoa jicho, "Subirini zamu yenu, mimi ni shangazi wa bwana harusi!" Mwezi ukazama, naye bado ameinama.

Kesho yake, baada ya misa, Melkizedek na Bertha walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria ya kuazima kwa majivu. Sabina alikuwa bado amelala, ametandaza miguu yake iliyochoka kwa kucheza. Walifanya kazi bila maneno mengi. Melkizedek alikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kijiwe kidogo: alitamani kuiona ikizimika. Bertha alimtazama kwa pembeni.

"Inauma," alisema.

"Kidogo."

"Nanyokie atakuonyesha video."

"Ameshanitumia. Nimeiangalia tangu alfajiri."

Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe. Akafuta mikono kwenye suruali. Wale watu wa hesabu walikuwa wamekusanya vipimo vya usiku ule, vya Piyaya na vya nchi nyingine ambako kivuli kilipita, wakachora umbo la jiwe lile kwa mara ya kwanza tangu lijulikane. Melkizedek aliitazama picha mpaka Bertha akachoka kusubiri, akamvuta mkono.

"Lete nione."

Akaangalia. Kulikuwa na umbo refu, nene upande mmoja na lenye kibonyeo upande wa pili.

"Ndilo hilo?" alisema. "Mbona kama kiazi kitamu?"

"Ndilo. Kiazi cha mawe matupu."

"Na sisi tuko wapi hapa?"

Melkizedek akamwonyesha mstari mwembamba uliopita nje ya lile umbo, karibu kabisa na tumbo lake, bila kuligusa. Pembeni ya mstari waliandika Karatu. Bertha akasogeza simu karibu na macho, akapima ile nafasi ndogo kwa ukucha wa kidole chake chenye majivu.

"Ilibaki kidogo sana," alisema.

"Kidogo sana."

Bertha akamrudishia simu, akalivuta sufuria kubwa la pilau katikati yao, akamrushia mumewe kipande cha gunia.

"Shika upande huo," alisema. "Huku chini kumeganda."